Siku za mwisho kabla ya GRE: kwa wadogo zangu wa Lamu

GRE, mtihani wa Kiingereza na hesabu wa kuombea masomo ya uzamili, umebakisha wiki moja nawe bado unafungua sura mpya za kitabu. Acha. Kila msimu wa maombi ya uzamili nawaambia hivi vijana wanaonijia, na wengi hawapendi kusikia. Wiki ya mwisho si ya kusoma hesabu usiyoijua wala kukariri orodha ndefu ya maneno ya Kiingereza. Ni ya kuzoea saa. Mtu anajua mengi, lakini anang'ang'ania swali la nne kwa dakika tano, na maswali mepesi yaliyo mbele yake hayaoni kabisa.

Tangu Septemba 2023 mtihani huu umefupishwa. Ni saa moja na dakika 58, hakuna mapumziko. Unaanza na insha moja ya dakika 30. Kisha kuna sehemu mbili za Kiingereza, maswali 12 kwa dakika 18 na 15 kwa dakika 23, na mbili za hesabu, 12 kwa dakika 21 na 15 kwa dakika 26. Piga mwenyewe: swali la Kiingereza lina dakika moja na nusu, la hesabu halifiki hata dakika mbili. Vile vitabu vya zamani tunavyoachiana bado vinaeleza mtihani wa karibu saa nne. Maswali yake yanafaa, ratiba yake usiifuate.

Ndani ya sehemu moja unaruhusiwa kuruka swali, kuliwekea alama na kulirudia. Kukosea hakupunguzi maksi, kwa hivyo usiache hata swali moja tupu. Na ukiona sehemu ya pili imekuwa nzito, usitetemeke: kompyuta hupima ulivyofanya ya kwanza ndipo ikakuchagulia ya pili. Uzito ule ni habari njema.

ETS, shirika linalotunga mtihani huu, wanatoa mitihani ya majaribio ya bure kwenye tovuti yao. Weka mmoja akiba, uufanye siku nne au tano kabla, saa ileile utakayofanya wa kweli, simu ikiwa chumba kingine. Kesho yake usifanye maswali mapya. Kaa na makosa yako, na kando ya kila kosa andika sababu: sikujua, sikusoma vizuri, au niliharakisha. Hilo la kwanza hulimalizi kwa wiki. Hayo mawili ya mwisho yanatibika, na mara nyingi ndiyo yanayokula maksi nyingi zaidi.

Mfano ni yale maswali ya kulinganisha viwango viwili. Unapewa x mraba upande mmoja na x upande wa pili, uambiwe kipi kikubwa. Aliyeharakisha anaweka 2, anapata 4, anajibu x mraba. Weka nusu: unapata robo, na sasa x ndiyo kubwa. Weka 1, vinalingana. Basi jibu ni kwamba haiwezi kujulikana. Jizoeze kila swali la aina hii kulijaribu kwa sifuri, moja, sehemu kama nusu, na namba hasi kabla hujajibu. Zoezi hili peke yake lastahili jioni nzima.

Kwenye kujaza nafasi za Kiingereza, ficha majibu kwanza. Soma sentensi, tafuta kiungo kinachogeuza maana, kile chenye maana ya "ingawa" au "licha ya", kisha jaza pengo kwa neno lako mwenyewe, hata likiwa la Kiswahili. Ndipo ufunue majibu utafute linalokaribiana. Swali likiwa na mapengo mawili au matatu, lazima yote yawe sahihi. Nusu haina maksi.

Insha sina mengi, ila hili: andikeni kwa kibodi. Wengi wetu tumezoea simu, na dakika 30 zinaishia kutafuta herufi. Mada zote za insha zimewekwa wazi kwenye tovuti ya ETS. Chagua moja kila siku, andika, usirekebishe sana.

Sasa mahali. Ukiufanyia nyumbani, unahitaji kompyuta yenye kamera, chumba chenye mlango uliofungwa, na asiingie mtu. Karatasi ya kawaida hairuhusiwi. Nunua ubao mdogo mweupe na kalamu ya kufutika. Nyumba zetu za mawe kule Mkomani zina kuta nene na mtandao hufifia ndani yake, kwa hivyo jaribu chumba kilekile mapema, au omba kwa jamaa Wiyoni au Shela. Umeme hukatika: chaji kompyuta ijae, na ruta iwe na betri yake. Uliza mtaani kama kuna harusi siku hiyo. Na mwezi wa Mfungo Sita, wageni wa Maulidi wakiwa wamejaa mji, usijitie mtihanini nyumbani. Saa tatu asubuhi ni wakati mzuri, punda wamepungua kichochoroni na adhuhuri bado iko mbali. Dada zangu, someni kanuni za mavazi kabla ya siku yenyewe, mjue mtandio utavaliwaje mbele ya kamera.

Ukienda kituo Nairobi, usifike usiku wa kuamkia mtihani. Mashua hadi Mokowe, kisha basi kupitia Witu, Garsen, Malindi na Mombasa, hiyo ni safari ya kumchosha mtu. Fika siku mbili kabla, na sweta mkononi ikiwa ni Julai. Jina la kitambulisho na la usajili yafanane herufi kwa herufi. Ukiona hujawa tayari, tarehe hubadilishwa kabla ya zile siku nne za mwisho. Ukichelewa, ada imekwenda.

Siku ya mtihani unaruhusiwa kutuma matokeo bure kwa vyuo vinne, basi orodha uwe nayo kichwani. Kurudia mtihani ni mpaka zipite siku 21, na matokeo rasmi huchukua siku nane hadi kumi. Chuo kikifunga maombi mwanzo wa Desemba, mtihani wako wa kwanza uwe Oktoba.