Frigo inanipiga, disjonkta haijawahi kuruka

SWALI: Papa fundi, ninakaa Goma, karibu na Birere. Frigo yangu inanipiga nikishika mlango bila viatu, hasa nikitoka kupiga deki. Fundi wa kwanza aligeuza fishi (plagi) kwenye prizi (soketi), ikatulia siku mbili tatu. Wa pili alichukua dola 15, akapigilia chuma nyuma ya choo, akamwaga chumvi, akafunga waya wa kijani. Wiki tatu baadaye inapiga tena. Wa tatu anasema waya huo wa kijani tuuunganishe na nyutro, ule waya wa kurudisha umeme, mambo yaishe. Jirani anasema nivae kandambili tu. Mume wangu anataka kununua stabilizeta. Kwenye kofre, kile kisanduku cha umeme ukutani, nina disjonkta nzuri ya ampea 20, ile inayoruka na kukata umeme yenyewe, ambayo haijawahi kuruka hata siku moja, kwa hiyo nafikiri ubaya uko kwenye frigo. Niiuze?

JIBU: Mama, chomoa frigo kwanza, ndipo uendelee kusoma. Wala usiiuze ikiwa hivyo, maana atakayeinunua naye ana watoto.

Barua yako nilikuwa naisoma nikiwa nimetulia hadi nilipofika kwenye ile disjonkta ambayo haijawahi kuruka. Hapo nilivua miwani. Mwaka mzima sipiti wiki bila kusikia maneno hayo, na kila anayeyasema huyasema kwa fahari, kama mtu anayemsifu mlinzi wake wa usiku. Mlinzi ambaye nyumba inaibiwa kila siku na hajawahi kupiga filimbi, unamsifu kwa lipi?

Disjonkta ya kawaida, ile ambayo kwingine huitwa saketi breka, haikuwekwa pale kwa ajili yako. Iliwekwa kwa ajili ya waya. Kazi yake ni kuzuia waya wa ukutani usipate moto ukaunguza nyumba. Kwa hiyo hiyo yako ya ampea 20 inavumilia mpaka mkondo uzidi ampea 20, na hata ukizidi kidogo tu, bado inaweza kusubiri dakika kadhaa. Sasa linganisha na mwili wako. Mkondo wa ampea 0.01, ukipita mkononi, misuli inakaza na watu wengine hawawezi tena kuachia walichoshika. Ukifika ampea 0.03 na ukaendelea kupita kifuani, moyo uko hatarini. Ampea 20 ni zaidi ya mara 600 ya hiyo. Kwa disjonkta yako, umeme wa kumuua mtu ni inzi aliyetua juu ya lori. Haitausikia.

“Lakini fundi aliniwekea waya wa ardhi.” Aliweka chuma kwenye jiwe, mama. Hapa ndipo vitabu vya mafundi waliosomea penye udongo mzuri vinapotudanganya sisi wa Goma. Udongo wa mfinyanzi wenye unyevu unapitisha umeme vizuri, na fimbo ya mita moja na nusu inaweza kutosha. Mitaa yetu mingi iko juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo, na mengine ni ya juzi tu, yale yaliyoshuka tarehe 17 Januari 2002, yakapita katikati ya mji hadi ziwani. Jiwe la namna hiyo linakataa umeme, tena limejaa nyufa na matundu, maji ya mvua hayakai. Ukipigilia chuma humo, kinagusa jiwe hapa na pale, katikati ni hewa.

Tufanye hesabu ndogo. Tuseme hicho chuma cha nyuma ya choo kina ukinzani, yaani nguvu ya kuzuia umeme, wa omu 400, na kwenye mawe nimepima vibaya zaidi ya hapo. Waya wa fezi, yaani ule wenye umeme, ukigusa bati la frigo, volti 220 zinasukuma mkondo kupitia waya wa kijani hadi kwenye chuma. 220 gawanya kwa 400, unapata ampea 0.55. Disjonkta yako inaona nini? Inaona kama umewasha taa mbili za wati 60. Haina sababu ya kuruka, na haitaruka. Bati la frigo linabaki na karibu volti 220 zote, waya wa kijani ukiwa umefungwa vizuri kabisa, unapendeza.

Chumvi nayo ilifanya kazi, sikatai. Ndiyo maana ulipata wiki tatu za amani. Mvua mbili kubwa zikaishusha kwenye nyufa, ikaenda zake, ikakuachia chuma kilichoanza kuliwa na kutu. Fundi huyo alijua utamwita tena.

Yule aliyegeuza fishi simchukii sana, alikuonyesha kitu bila kujua. Ndani ya kompresa kuna waya mrefu uliozungushwa, na huenda mahali fulani ngozi yake imechubuka. Kama pachubuko pako karibu na mwisho mmoja, ukigeuza fishi mwisho huo unaangukia upande wa nyutro, na kwenye bati zinabaki volti chache usizozisikia. Mtoto akichomoa frigo achaji simu, kisha airudishe vinginevyo, umerudi palepale. Lakini inatuambia kwamba uvujaji uko ndani ya frigo, haukutoka ukutani.

Wa tatu, wa nyutro, huyo ndiye ningependa kukaa naye dakika tano bila mashahidi. Anachopendekeza ni kuchukua bati unaloshika kila siku na kulifunga moja kwa moja kwenye waya wa umeme, akitumaini kwamba waya huo utabaki nyutro daima. Hautabaki. Nyumba zetu nyingi zinapokea nyaya mbili tu kutoka kwenye nguzo. Upepo ukizikata, anapanda mtu jioni, kunanyesha, anaunganisha haraka; fezi inaingia mahali pa nyutro na taa zinawaka vilevile, hakuna anayejua. Niliitwa kwenye nyumba moja asubuhi baada ya matengenezo ya namna hiyo. Frigo, resho (jiko la umeme) na mashine ya kufua, vyote vilikuwa na volti 220 kwenye bati, kwa sababu “fundi” alikuwa ameunganisha ardhi na nyutro ndani ya kila prizi. Mtoto wa miaka tisa alikuwa ameungua vidole viwili. Tena hata pasipo kubadilishana, nyutro ikikatika tu kwenye nguzo, fezi inapita ndani ya taa au televisheni, inarudi kwenye nyutro iliyokatika na kuingia kwenye bati la frigo. Kwa hiyo jibu ni hapana, na usimlipe hata faranga ya usafiri.

Unachohitaji kinaitwa diferensieli, ya miliampea 30, yaani ampea 0.03. Kwa sura inafanana na disjonkta, ila ina kifungo kidogo chenye herufi T. Fezi na nyutro zote mbili zinapita ndani ya pete moja. Diferensieli haijali nyumba inatumia ampea ngapi. Inalinganisha mkondo uliotoka na uliorudi. Kilichotoka kisiporudi chote, maana yake kuna kinachopita pengine, kwenye bati, ardhini, au mwilini mwa mtu, na inakata kabla hujamaliza kusema “mama yangu”.

Sasa tazama inavyotufaa sisi wa kwenye mawe. Kile chuma chako cha omu 400, ambacho kwa disjonkta ni upuuzi, kwa diferensieli kinatosha. Ampea 0.03 mara omu 400 ni volti 12. Uvujaji ukikua polepole, umeme unakatwa kabla bati halijafika volti zinazoweza kukudhuru; ukija ghafla, unakatwa papo hapo. Mipaka ya kawaida inaruhusu volti 50, kwa hiyo hata ardhi ya omu 1,000 bado ingekubaliwa. Dola zako 15 hazikupotea zote; zilikosa mwenzake tu. Nenda hata hivyo ukaangalie kile chuma: kama kimeshaliwa, afadhali mtaro wa mita kadhaa, waya mtupu wa shaba ulazwe chini, ujazwe udongo mweusi na unga wa makaa. Na anayejenga sasa auzungushe huo waya chini ya msingi kabla ya kumwaga zege. Hiyo ndiyo ardhi bora unayoweza kuipata katika mji huu, na gharama yake wakati huo ni ndogo.

Usikimbilie ya bei ya chini kabisa sokoni. Nimewahi kufungua moja iliyokuwa na maandishi mazuri, 30 mA, kila kitu, na ndani hamkuwa na pete. Kifungo cha T kilikuwa kinasukuma kikono cha plastiki, basi. Unabonyeza, inaruka, unafurahi, na umenunua swichi. Ndiyo maana fundi lazima awe na kipimo chake cha diferensieli, kinachovujisha mkondo kidogo kwa makusudi na kuhesabu muda wa kukata. Ikishathibitika kuwa ya kweli, kifungo hicho ukibonyeze mara moja kwa mwezi.

Jiandae kwa jambo moja: siku ikifungwa, ukichomeka frigo itaruka papo hapo. Watu wengi hapo hunipigia simu kwa hasira, “kifaa chako kibovu”, na wengine wameshamwita kijana wa mtaa akapitisha umeme pembeni yake kwa kipande cha waya. Mama, kuruka ndiyo kazi yake! Inakuambia frigo inavuja. Sasa ndipo fundi wa frigo anapotafuta mahali: waya wa fishi uliobanwa chini ya mguu, kisanduku cha kuwashia kompresa kilichoingia maji, kipasha joto cha kuyeyusha barafu, au kompresa yenyewe. Atapima kwa mega, kipimo cha uzima wa ngozi ya nyaya, ya volti 500, kati ya nyaya na bati. Chini ya megaomu moja (omu milioni moja), kuna pa kurekebisha. Ikiwa ni waya au kisanduku, ni kazi ya nusu saa. Ikiwa ni kompresa, hapo ndipo mzungumze habari ya kununua nyingine.

Stabilizeta inasawazisha volti zinazopanda na kushuka, na kwa umeme wetu si matumizi mabaya ya pesa, lakini bati litaendelea kukupiga, safari hii kwa volti zilizosawazishwa. Kandambili zinakukinga mpaka siku moja mkono mmoja ukishika frigo na mwingine bomba la maji.

Kinachonitisha kuliko frigo yako ni zile nyumba za mbao na mabati zilizobanana, nyingine zikiwa kumi kwenye waya mmoja. Waya unapita juu ya bati, bati linacheza na upepo, ngozi inachubuka, mvua inanyesha, na ukuta mzima wa jirani unakuwa kama frigo yako. Disjonkta ikiruka kwa sababu ya mzigo, badala ya kupunguza resho, wanaweka ya 40, halafu ya 63, juu ya waya wa milimita za mraba 1.5 ambao haukustahili kuzidi ampea 16, wa 2.5 mwisho wake ni 20. Wengine hawanunui, wanaviringisha uzi wa shaba. Na prizi ni mpya, zenye kile kijiti cha ardhi kinachong’aa katikati. Nikizifungua, nyuma ya kijiti hakuna waya. Ni pambo. Mwenye nyumba anawaonyesha wapangaji: “Hapa kuna ardhi.”

Kwa hiyo ukimwita fundi wa nne, kabla hajagusa kofre mwulize ana kipimo gani. Bisibisi yenye kitaa si kipimo. Inaweza kuwaka hata kwenye frigo nzima isiyo na ardhi, na ikazima kwenye bati bovu ikiwa amesimama juu ya ubao mkavu. Akikujibu kwamba yeye hupima kwa uzoefu, mpe maji ya kunywa na umfungulie geti. Nyama iliyomo ndani ya frigo ipeleke kwa yule jirani wa kandambili, na mwambie aangalie prizi zake nyuma.