Mlango ukilegea bawaba usikimbilie randa: maswali yenu ya mwezi huu

Tangu mvua zianze huku Nyanda za Juu Kusini maswali ya milango yamejaa, wengine unabana, wengine unaburuza, wengine skrubu zimegoma kabisa. Nimechagua matano. La kwanza nimelijibu kwa kirefu kwasababu ndo ugonjwa wa nyumba nyingi, na ndo ambao watu wanautibu vibaya zaidi.

Shikamoo fundi. Niko Uyole hapa Mbeya. Mlango wa chumbani, wa mbao, umeanza kuburuza chini, ili ufunge lazima uunyanyue kwa kitasa, mtoto wangu wa darasa la tatu hauwezi kabisa. Fundi wa mtaani kaja kaangalia kasema tuung'oe aupige randa chini. Nimemwambia ngoja kwanza. Skrubu za bawaba ya juu nikizikaza zinazunguka tu hazishiki. Nifanyeje?

Marahaba mama yangu. Umefanya vizuri sana kumsimamisha, kwasababu mbao ikishapigwa randa hairudi, na kwa maelezo yako mwenyewe mlango wako hauna unene wala urefu uliozidi, umeinama tu. Uzito wote wa mlango unaning'inia kwenye bawaba, ya juu inavutwa kutoka kwenye fremu na ya chini inasukumiwa ndani ya fremu, kwa hiyo ya juu ndo inayochoka kwanza karibu kila mara. Ikishalegea kidogo, kona ya chini upande wa kitasa inashuka inagusa sakafu, na kona ya juu upande huohuo inaanza kugonga fremu. Funga mlango uangalie uwazi ulioko kati ya mlango na fremu upande wa bawaba, utaona juu umeachama na chini umebana. Ukiona hivyo sahau habari ya randa.

Kabla hujagusa kitu fanya hivi. Fungua mlango nusu, shika kitasa, unyanyue na ushushe taratibu, na mtu mwingine aweke macho kwenye bawaba ya juu. Kama bati la bawaba linaachana na mbao, shida ni skrubu. Kama bati limetulia lakini pale katikati kwenye pini panacheza, bawaba yenyewe imelika na hiyo hairekebishiki, nunua mpya ya saizi ileile, kama ni inchi 4 chukua inchi 4 ili matundu na lile shimo la kulazia bati viendane. Na kama bawaba na mbao vimetulia ila fremu nzima inatikisika ukutani, hiyo ni kesi nyingine, kuna ndugu wa Iringa kaiuliza hapo chini.

Wewe skrubu zinazunguka, maana yake nyuzi za mbao ndani ya tundu zimesagika, meno ya skrubu hayana cha kung'ata. Kukaza zaidi ni kulisaga tundu zaidi. Dawa yake ni kulijaza tundu upya kwa mbao. Utahitaji bisibisi inayoenea vizuri kwenye kichwa cha skrubu, gundi nyeupe ya mbao ile wanayotumia maseremala, na vijiti. Watu wengi wanatumia njiti za kiberiti zilizokatwa vichwa, na zinafaa, lakini huku kwetu mianzi ipo mingi na kijiti cha mwanzi mkavu uliochongwa ni kigumu kuliko njiti, mimi ningechukua mwanzi.

Fungua mlango, uwekee kabari chini upande wa kitasa mpaka usimame pale unapotakiwa kuwa, mtu aushike. Toa skrubu za bawaba ya juu upande wa fremu peke yake, za mlangoni ziache. Sukuma bati pembeni, safisha tundu, vumbi na unga wa mbao vyote vitoke. Paka vijiti gundi, chomeka kimoja kimoja mpaka kijiti cha mwisho kiingie kwa kugongwa na nyundo kidogo, hapo pamejaa. Vile vinavyobaki nje vikate kwa kisu viwe sawasawa na mbao, futa gundi iliyomwagika alafu acha mpaka kesho yake. Najua inauma kukaa na mlango umeegeshwa usiku kucha ila gundi ikiguswa kabla haijashika kazi yote imepotea.

Kesho yake rudisha bati, weka alama katikati ya kila tundu, toboa kwa drili ndogo kama unayo, kama huna chukua msumari mwembamba kuliko skrubu, gonga kidogo uuvute, unapata tundu la kuongozea. Usiruke hatua hii, skrubu ikijitafutia njia yenyewe itavitawanya vijiti au itapasua fremu. Zipake skrubu sabuni ya kipande kwenye meno zitaingia laini. Zianze zote kwa mkono kwanza, alafu kaza kwa zamu, moja kidogo, nyingine kidogo, mpaka vichwa vyote vizame kwenye vile vikombe vya bati. Kichwa kimoja kikibaki juu bawaba haitafunga vizuri, na utakuwa unailazimisha kila siku.

Angalia pia urefu wa skrubu ulizotoa. Ukikuta za inchi 1 kwenye mlango mzito wa mninga, hapo ndo chanzo. Kama fremu yako ina unene wa inchi 2 weka za inchi 1 na nusu, zinaingia kwenye mbao ambayo haijawahi kuguswa, ilimradi kichwa kiwe saizi ya ile ya zamani. Milango ya flashi, ile myepesi yenye uwazi ndani, skrubu ndefu upande wa mlangoni haisaidii maana inapita inaelea hewani, pale jaza vijiti tu.

Na tafadhali, asije mtu akakushauri misumari ya inchi 3 kwenye bawaba. Nimeona milango mingi sana ya hivyo. Msumari hauna meno, unashikilia kwa kubanwa na mbao tu, kila mlango ukifunguka unavutwa kidogo kidogo mpaka unatoka, na wakati mwingine unatoka na kipande cha fremu. Fremu ikishapasuka gharama inakuwa nyingine kabisa.

Ukimaliza na bado kona ya juu inagusa kidogo upande wa kitasa, legeza bawaba ya chini, kata kipande cha boksi gumu saizi ya bati, kiweke nyuma ya bati upande wa fremu, kaza tena. Kinasukuma mlango kwa chini na upande wa kitasa unanyanyuka. Ni kitu kidogo lakini ukiona kinavyofanya kazi utafurahi.

Fundi habari za kazi. Mimi nipo Njombe. Nilijaza njiti na gundi kama wanavyoelekeza, mwezi wa 7, nikaacha usiku mzima. Asubuhi gundi ilikuwa nyeupe kama chokaa na skrubu zikatoka tena ndani ya wiki. Gundi ilikuwa mpya. Nilikosea wapi?

Nzuri ndugu yangu. Hapo kilichokushinda ni baridi, utaratibu wako ulikuwa sawa. Gundi nyeupe ni maji yenye chembechembe za gundi, maji yakikauka chembe zinatakiwa ziungane ziwe kitu kimoja, na kwenye baridi kali haziungani, zinabaki unga. Nyingi zinataka joto la angalau nyuzi 10 hivi, na mwezi wa 6 na wa 7 huko Njombe, Makete, hata Mbeya mjini, usiku joto linashuka chini ya hapo kirahisi. Kopo la gundi lilale ndani sehemu yenye joto, lisikae stoo. Kazi ifanye saa 5 asubuhi jua likiwa limepasha mbao, ili ipate mchana mzima kabla usiku haujaingia, na jioni ile chumba kifungwe. Ile gundi ya unga iliyoko kwenye tundu kwangua yote utoe na njiti zake, gundi mpya haishiki juu ya ile.

Fundi, mlango wangu hapa Tukuyu mvua zikianza unabana mpaka tunaupiga teke, kiangazi unarudi sawa. Kila mwaka nakaza skrubu na kila mwaka zinalegea. Mlango ni wa paini, una miaka mitatu. Niupunguze? Ndaga fijo (asante sana).

Usiupunguze saivi. Mbao inakunywa unyevu na kuutoa, na inavimba kwa upana wake, kwa urefu wa nyuzi karibu haibadiliki. Ndo maana mlango unabana ubavuni lakini haurefuki. Tukuyu ni moja ya sehemu zenye mvua nyingi nchini, mbao yako haipati nafasi ya kupumzika. Na huko kuvimba na kusinyaa kila mwaka ndo kunalegeza skrubu, tundu linapanuka linabana linapanuka, na tena kila mnapoupiga teke mnazivuta bawaba. Ukiupiga randa sasa hivi ukiwa umevimba, mwezi wa 9 utakuwa na uwazi unaopitisha upepo na vumbi.

Kwa sasa tafuta unapogusa, weka karatasi kati ya mlango na fremu uone inapokwama, paka mshumaa hapo, unapunguza msuguano. Kiangazi kikikolea, mwezi wa 8 au wa 9, mlango ukiwa mkavu kweli, ung'oe, piga msasa, kama kuna sehemu ya kupunguza punguza kidogo sana hapohapo palipokuwa panagusa, alafu paka vanishi au rangi pande zote. Nasema zote, hata ubavu wa juu na wa chini kabisa. Mafundi wengi wanapaka sehemu zinazoonekana tu, na ule ubavu wa chini ambao hakuna anayeuona ndo unaonyonya maji ya kudekia. Pale bawaba zilipolala paka pia kabla hujazirudisha. Ukipaka kipindi cha mvua unaufungia unyevu ndani, kwa hiyo subira.

Wanaonunua mbao mpya nao wasikie hili. Paini yetu nyingi inatoka mashamba ya Sao Hill kule Mufindi na haina tatizo, tatizo ni kuuziwa mbichi. Chukua mbao mbili za saizi moja, pima kwa mikono, ikiwa moja ni nzito waziwazi na ukiigusa ina ubaridi wa maji, iache, au inunue ukaipange kivulini kwa vipande vya kutenganisha ipitwe na upepo miezi kadhaa kabla ya kumpa seremala.

Kamwene fundi. Nyumba yetu Iringa ni ya tofali za kuchoma. Bawaba ziko fiti ila fremu ya mlango wa nje yenyewe inacheza, plasta imepasuka pembeni kote. Naweza kujaza sementi tu yaishe?

Kamwene. Sementi peke yake itapasuka tena, kwasababu mlango ukibamizwa fremu inatikisika na sementi ya pembeni haina nguvu ya kuizuia. Kwanza fremu ishikwe na ukuta. Gonga plasta iliyolegea itoke, weka timazi kwenye mwimo uone kama fremu bado imesimama wima, chomeka kabari za mbao ngumu kati ya fremu na ukuta nyuma ya kila bawaba na nyuma ya kitasa. Alafu toboa kupitia fremu mpaka ukutani, weka plagi za plastiki na skrubu ndefu za inchi 4 au 5, tatu kila upande. Toboa katikati ya tofali, usitoboe kwenye maungio, udongo au mchanga wa kwenye maungio haushiki plagi. Tofali la kuchoma likiwa bovu linamomonyoka ndani ya drili, ukiona unga unatoka mwingi bila ugumu wowote hama tofali lingine. Baada ya hapo ndo ujaze sementi na kupiga plasta. Mlango wa nje ndo ulinzi wa familia, kama huna drili ya ukutani usijaribu kubahatisha, mlipe fundi kwa hiyo nusu siku.

Fundi mambo, mi mpangaji Mwanjelwa. Mlango wa chumba una kelele balaa, nikirudi usiku naamsha nyumba nzima. Nilipaka mafuta ya kula ukanyamaza siku chache umerudi. Mlango wa uani wa chuma nao unalia.

Poa mdogo wangu. Mafuta ya kula yanaganda, yanashika vumbi, na vumbi lile linasaga pini, kwa hiyo umeongeza tatizo kidogo. Nenda kwa fundi cherehani yeyote hapo Mwanjelwa muombe akuuzie mafuta ya cherehani kidogo. Kama pini ya bawaba inatoka, igonge kwa msumari kutoka chini, bawaba moja kwanza usitoe zote mbili, ifute ule weusi wote kwa kitambaa, kama ina kutu piga msasa laini, paka grisi nyembamba urudishe. Kama pini haitoki, dondosha mafuta juu ya maungio, fungua na kufunga mara nyingi mpaka yashuke, futa yaliyomwagika.

Wa chuma nyanyueni watu wawili, bawaba nyingi za kuchomelea zinachomoka kwa kunyanyua mlango juu, futa, weka grisi nzito ndani ya kikombe, rudisha. Kama umeshaanza kuburuza chini, weka washa moja ya chuma, kile kipete bapa chenye tundu katikati, kwenye kila pini kabla ya kurudisha, zote unene mmoja, mlango utapanda kwa unene huohuo. Ila kabla ya kuung'oa mwambie mwenye nyumba, na ufanye mchana.