We ni mhafidhina? Anzia bodi ya shule, Trump atajijua

Grupu letu la WhatsApp la Watanzania wa huku Dallas ukitaja Trump tu basi simu inalia mpaka usiku wa manane, huyu anamsifu, yule anamlaani, wa tatu kajitoa kwenye grupu. Ila waulize hao hao nani yupo kwenye bodi ya shule wanayosoma watoto wao. Kimyaaa. Na hao wa bodi, ambao huku wanachaguliwa kwa kura na wanasimamia shule zote za wilaya, ndo wanaomuajiri mkuu wa shule hizo, ndo wanaopitisha bajeti, na kwa sheria ya Texas ya 2025 ndo wenye neno la mwisho kuhusu vitabu vinavyoingia maktaba.

Mi msimamo wangu haujifichi. Naamini ndoa ni ya mume na mke, mtoto ni wa wazazi wake kabla hajawa wa serikali, na mtu ajitume kwanza ndo aombe msaada. Wala sikuyaokota Fox News, nimetoka nayo Moshi kwa bibi yangu. Sasa kama na wewe uko hivyo, ushauri wangu ni kwamba punguza kubishana kuhusu White House, nguvu hiyo ipeleke mtaani kwako.

Kabla ya yote, kama uko na grini kadi, usiguse kura. Ukienda kurenew leseni wanakuuliza kama unataka kujiandikisha kupiga kura, sema hapana, maana asiye raia akipiga kura ya shirikisho ni kosa la jinai na uraia unaweza kuusikia kwa wenzako tu. Lakini kuongea kwenye kikao cha bodi hakuhitaji uraia, na hapa watu wengi hawajui kabisa.

Mimi nilienda kwa ajili ya simu. Mtoto wa darasa la nane anaangalia TikTok katikati ya hesabu, mwalimu keshachoka kugombana. Unajaza fomu kabla kikao hakijaanza, jina likiitwa unasogea kwenye maiki, mbele yako kuna saa inahesabu kurudi nyuma, kwetu ni dakika tatu, ikifika sifuri wanakukata hata kama sentensi iko njiani. Kwahiyo zile salamu zetu za "naomba nichukue fursa hii" ziache nyumbani, zitakula nusu ya muda. Na wakikutazama tu bila kukujibu usinune, sheria inawazuia kujadili jambo ambalo halipo kwenye ajenda. Siku ile kwenye foleni nilikuwa na mzee wa kizungu kavaa kofia ya Trump na nyuma yangu mwalimu mwenye beji ya Kamala Harris kwenye begi, na wote tulikuja kusema kitu kile kile. Mwaka 2025 Texas ikapitisha sheria ya kuzuia simu muda wote wa masomo, sisemi ni sisi, ila bodi zilikuwa zishasikia kelele za wazazi muda mrefu.

Angalia pia kesi ya Mahmoud dhidi ya Taylor. Kule Montgomery County, Maryland, wazazi Waislamu, Wakatoliki na Waorthodoksi waliungana wakitaka kutaarifiwa na kuwatoa watoto wao pale vinaposomwa vitabu vya hadithi vyenye mambo ya mashoga na kubadili jinsia, na Juni 2025 Mahakama ya Juu ikawapa haki kwa kura 6 kwa 3. Walianza kwenye bodi ya shule, sio Washington.

Alafu kuwa mhafidhina sio kumeza kila kitu cha chama cha Republican. Kwa mwaka wa fedha 2026 serikali ya Trump iliweka kikomo cha kupokea wakimbizi 7,500 tu, na mimi kanisani nakaa na familia za Wakongo ambazo bado zina mama au mtoto kambini. Huwezi kuniambia familia kwanza alafu hapo ninyamaze. Nilimwandikia mbunge wangu, na we muandikie wako, ofisi zao zinahesabu barua.

Na kura yenyewe kwa mliopata uraia: Texas ilishafuta ile ya kutiki chama mara moja ukaondoka, tangu 2020 unachagua mtu mmoja mmoja mpaka majaji, na karatasi ni ndefu balaa. Bodi ya shule wilaya nyingi huku ni Jumamosi ya kwanza ya Mei, wagombea hawaandikwi chama, watu wanaojitokeza ni wachache kiasi kwamba waumini wa kanisa moja wanaweza kugeuza matokeo. Kujiandikisha kunafungwa siku 30 kabla. Simu hairuhusiwi kutumika chumba cha kura, kwahiyo majina yako yaandike kwenye karatasi ukiwa nyumbani na uende nayo.