Aliyeokolewa ziwani asilazimishwe kusimulia
Wapo wanaosema aliyenusurika mtumbwi ulipozama lazima asimulie yote siku ileile ndipo apone. Hapana, halazimiki. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, wa 2011, unasema msikilize akitaka kuongea, usimshinikize. Vikao vya mara moja vya kuwafanya manusura wasimulie vilishachunguzwa, havikuonekana kuzuia madhara ya baadaye. Pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki jijini Mwanza, niliwaona akina mama wakimfunika kijana khanga kavu, wakampa uji wa moto, wakampigia dada yake simu. Hiyo ndiyo huduma yenyewe! Ila ukipita mwezi bado halali, anashtukashtuka, hawezi kusogelea maji, mpelekeni kwa mtaalamu. Huko kusimulia taratibu, kwa mpangilio, kunasaidia kweli.