Benchi la mtaa Tabora: azimeni kwanza, chomeleeni baadaye

Karakana nyingi za mtaa huanza na chuma. Benchi likishakauka rangi ndipo watu wanaulizana liwekwe wapi. Geuzeni huo utaratibu.

Azimeni benchi la mbao, lile la msibani, liwekeni mnapodhani panafaa, liachwe wiki nzima. Watu watalisogeza tu. Muuza karanga atalivuta karibu na meza yake, wazee watakifuata kivuli, bodaboda watalisukuma lisizibe njia. Kila jioni pigeni alama ya chokaa lilipoishia. Tunaziamini alama hizo kuliko fomu ya maoni, kwa sababu asiyethubutu kusimama mkutanoni hasiti kuvuta benchi.

Angalieni na majira. Tabora iko nyuzi 5 hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo Juni kivuli cha adhuhuri huangukia kusini mwa mwembe, Desemba kaskazini. Kaeni mita mbili au tatu kutoka shinani, msikate mizizi mikubwa.

Alama hizo zipelekeni mkutano mkuu wa mtaa, azimio liingie kwenye muhtasari. Pakiwa hifadhi ya barabara, ulizeni TARURA au TANROADS, wakala wa serikali wa barabara, kabla ya kushika sururu.

Sasa chuma. Skwea paipu moja ya milimita 40 kwa 40, urefu mita 6, inatosha benchi zima: miguu minne ya sentimita 80, vilalo (vipande vya kulaza vinavyounganisha miguu miwili miwili kuwa fremu) viwili vya juu vya 40, viwili vya chini vya 25, na mshikizo mmoja wa mita 1.4 wa kuunganisha fremu mbili. Sentimita 10 zinazobaki huliwa na grenda. Kilalo cha chini msikiruke: hicho kikiwa ndani ya zege, mwizi wa chuma chakavu hawezi kung'oa mguu.

Chimbeni mitaro miwili, kila mmoja urefu sentimita 55, upana 25, kina 50. Miguu izame sentimita 44. Ukijumlisha kilalo na mbao, kikao kinafika sentimita 45, ambapo mzee anainuka bila kushikwa mkono. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50, mchanga ndoo tatu na nusu na kokoto ndoo saba za lita 20 vinatosha mitaro yote miwili. Maji yawe ya kiasi. Zege la uji hupasuka. Lifunikeni kwa magunia yaliyoloa siku saba.

Benchi huoza pale chuma kinapotoka kwenye zege. Zege likiachwa na kishimo, maji ya masika yanatuama, kutu inakula mguu kutoka nje huku sehemu ya juu ikimeremeta. Kwa hiyo zege liinuke sentimita 5 juu ya ardhi na literemke pande zote. Miguu ipigwe rangi ya kuzuia kutu mara mbili kabla ya kuzamishwa.

Kikao ni mbao nne za mninga za inchi 2 kwa 4, mita 1.8 kila moja, zikiachana sentimita moja ili maji yapite. Mbao yoyote isiguse udongo, mchwa wa Tabora hawachagui. Fungeni kwa boliti nane za milimita 10, urefu sentimita 12, kichwa cha duara juu, kisha nati ziguswe na moto wa welding zisifunguke.

Mtaa uchague watu wawili wa kulikagua kila Oktoba, mvua hazijaanza: wakwangue kutu kwenye shingo ya zege, wapake rangi upya. Kopo dogo la rangi linunuliwe siku ileile ya saruji, maana baadaye mchango huwa mgumu kupatikana.