Olkaria ina mvuke tele, mbona stima ya Ahero inalegea jioni?

SWALI: Mhandisi, nina mashine ya kukoboa mpunga hapa Ahero, karibu na Kisumu. Ikifika saa moja jioni mota inanguruma bila nguvu, inachemka, kisha swichi inakata. Tunaambiwa Kenya ina umeme mwingi wa mvuke wa ardhini huko Olkaria, tena wa bei nafuu. Mbona hautufikii? Mbona risiti ya tokeni inanitoza mafuta? Na bomba la gesi likija kutoka Tanzania, ule mtambo wa gesi wa Muhoroni si utatushushia bei? — Mama Mchele, Ahero

JIBU: Mama, asante kwa maswali yako. Nianze na Muhoroni. Mtambo ule hauchomi gesi, unachoma mafuta ya taa. KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, iliuhamishia huko kutoka Embakasi, Nairobi, mwaka 2016, na uwezo wake ni kama megawati 60. Kazi yake kubwa ni kuinua volteji, yaani msongo wa umeme, ya upande wetu wa magharibi, ndiyo maana huwashwa hata Olkaria ikiwa na mvuke wa kutosha. Mafuta yake, pamoja na ya mitambo mingine ya aina hiyo nchini, ndiyo unayotozwa kwenye risiti. Mteja wa Mombasa naye anayalipia vilevile.

Kwa nini volteji iinuliwe? Kwa miaka mingi umeme wa Olkaria ulitufikia kwa laini za kilovolti 132 kupitia vituo vya Lanet na Lessos. Laini ndefu ya msongo huo ikibebeshwa mzigo mkubwa, volteji hushuka kadiri unavyokuwa mbali na mtambo, na sisi tuko mwisho. Jioni sola imelala na kila nyumba imewasha taa. Tunaegemea mitambo ya maji ya Sondu Miriu (megawati 60) na Turkwel (106) na umeme wa Uganda unaoingia kwa njia ya Tororo. Maji yakipungua, au Uganda ikiuhitaji umeme wake, mota yako ndiyo ya kwanza kujua.

Dawa ilijulikana zamani: laini kubwa ya Olkaria–Lessos–Kisumu. Mkopo wa Japani ulisainiwa 2010, na kazi ikachukua zaidi ya miaka kumi. Laini ya kilovolti 220 inataka ukanda wa mita 40 usio na nyumba wala miti mirefu. Ukipitisha ukanda huo katikati ya mashamba ya chai na maboma ya watu, mwenye shamba mmoja akikataa fidia, nguzo za pande zote mbili zinamsubiri yeye. Siwalaumu. Nawalaumu wanaotenga pesa za vyuma kwanza na za fidia mwisho. Laini sasa ipo na imesaidia, ila mzigo wa magharibi nao haukusimama kuingoja.

Nionavyo mimi, shida yetu kubwa iko hapa: Kenya imejua kuvutia wajenzi wa mitambo kuliko wajenzi wa nyaya. Mwenye mtambo huja na mkataba wa miaka 20 au zaidi na Kenya Power, kampuni inayotuuzia umeme, mara nyingi kwa dola au yuro, na hulipwa mradi mtambo uko tayari, hata usipozalisha. Benki gani itakataa hapo? Laini haina mkataba wa namna hiyo, hivyo hungojea bajeti au mkopo wa serikali ambayo tayari ina madeni hadi shingoni. Matokeo tuliyaona Turkana: mitambo ya upepo ya megawati 310 ilikuwa tayari 2017, laini ya kwenda kituo cha Suswa ikakamilika 2018, na huko kuchelewa tukakulipia faini.

Serikali ikajaribu kumwachia mwekezaji binafsi ajenge na kurudisha pesa yake kwa miaka 30. Mkataba wa KETRACO, shirika la serikali la laini kubwa, na kampuni ya Adani ya India wa Oktoba 2024, wa dola milioni 736, ulikuwa na laini ya Rongai–Keringet–Chemosit na kituo cha Thurdibuoro huko Nyakach, jirani zako kabisa. Novemba mwaka huohuo Rais Ruto aliufuta. Mimi sipingi mjenzi binafsi. Napinga mkataba ambao mlipaji hajauona, maana atakayelipa kwa miaka hiyo yote ni wewe, tokeni baada ya tokeni.

Kenya Power yenyewe haina pumzi. Mwaka wa fedha 2023/24 karibu asilimia 23 ya umeme iliyoununua ilipotea njiani, kwa nyaya chakavu na kwa wizi. EPRA, mamlaka inayodhibiti bei za nishati, huruhusu sehemu tu ya hasara hiyo iingie kwenye bei. Inayobaki kampuni huimeza, na pesa za kubadilisha transfoma za vijijini huishia humo.

Kuhusu gesi ya Tanzania: makubaliano ya 2021 yanahusu bomba la kufika Mombasa. Bomba halijengwi bila mnunuzi mkubwa anayeahidi kununua kwa miaka mingi, naye bado hajapatikana. Nyaya zimetangulia: laini ya kilovolti 400 ya Isinya–Singida tayari inaunganisha nchi hizi mbili. Gesi ya mtungi ni habari nyingine, huja kwa meli. Hata huko, kodi ya VAT iliwekwa asilimia 16 mwaka 2021, ikawa 8 mwaka 2022, ikaondolewa 2023. Nani atajenga matangi makubwa Kisumu kwa hesabu inayobadilika kila Julai?

Sasa mota yako. Mwite fundi apime volteji kati ya fezi na fezi, yaani kati ya waya mbili zenye moto, saa sita mchana, kisha saa moja jioni, mashine ikiwa inazunguka. Inapaswa kuwa karibu volti 415. Ikiwa mchana ni nzuri na jioni ni 360, tatizo ni mzigo wa jioni, uwe kwenye laini kubwa au kwenye transfoma yenu; koboa asubuhi. Ikiwa ni mbovu hata mchana, huenda transfoma yenu imezidiwa au fezi moja imebebeshwa nyumba nyingi mno. Hapo andika barua yenye vipimo, tarehe na saa, uipeleke ofisi ya umeme na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Volteji ikishuka, mota huvuta mkondo mkubwa zaidi ili ifanye kazi ileile, na huo ndio moto unaounguza waya zake. Mwambie fundi afunge rilei inayokata volteji ikiwa chini au fezi ikipotea. Bei yake haifiki popote karibu na ya kusuka mota upya.