Tunasoma Mwanzo: Yakobo, visima vya Isaka na majina yasiyoisha

Tangu Januari tunasoma kitabu cha Mwanzo pamoja katika safu hii. Barua ni nyingi kuliko nafasi, kwa hiyo nimechagua nne. Moja imeninyima usingizi, nayo mtaitambua.

*Shikamoo Mama Mwalimu. Mimi ni fundi cherehani, Kahama. Nimesoma Mwanzo 27 nikakasirika. Yakobo anamdanganya baba yake asiyeona, anamnyang'anya kaka yake baraka, kisha Mungu anamtokea Betheli na kumwahidi mema. Mimi nikimpunja mteja nusu mita ya kitambaa naambiwa nitubu. Mbona yeye hakuambiwa lolote?*

Marahaba, mwanangu. Hasira hiyo usiipoze haraka. Wengi wetu tukifika sura ya 27 tunageuka kuwa mawakili wa Yakobo: Esau si alishauza haki yake ya mzaliwa wa kwanza kwa mkate na dengu? Aliuza, ni kweli. Lakini msikilize Yakobo anavyojibu mle ndani. Baba yake Isaka anauliza imekuwaje mawindo yakapatikana upesi hivi, naye anasema Bwana Mungu wako amenifanikisha. Anamwingiza hadi Mungu kwenye uongo wake. Kisha anaulizwa waziwazi kama yeye ndiye Esau hasa, anasema ndiye. Hapo hakuna cha kutetea.

Sura hii nilimsomea mama yangu kwa sauti hapa nyumbani, Iramba. Macho yake hayaoni tena, wajukuu anawatambua kwa kuwashika viganja. Nilipofika pale Rebeka, mama yao, anapomvika Yakobo nguo za Esau, na ngozi za wana-mbuzi mikononi na shingoni ili akiguswa adhaniwe ni Esau mwenye nywele, mama akanikatisha. "Huyo mzee alijua," akasema. "Mbuzi ananuka. Ngozi mbichi ya mbuzi hata nikiwa usingizini nitaijua." Amefuga mbuzi maisha yake yote, sikuthubutu kubishana naye habari za harufu. Nikaendelea kumsomea hadi Esau anapoingia na chakula chake, na Isaka anatetemeka mno. Mtu aliyejua hatetemeki vile. Mama akakaa kimya kidogo, akasema, "Basi hamu ya nyama ilimziba pua." Na kweli sura ya 25 ilishatuambia kwamba Isaka alimpenda Esau kwa sababu ya mawindo yake.

Sasa, mbona Mungu hakumkemea? Kitabu hiki hakina haraka ya kuhukumu. Kinasimulia ubaya, hakisemi neno, kinaendelea na safari kana kwamba hakikuona. Ukikifunga hapo utabaki na hasira uliyo nayo. Endelea. Huko Harani Yakobo anamtumikia mjomba wake Labani miaka 7 ili ampate Raheli. Usiku wa harusi anapelekewa Lea, dada mkubwa wa Raheli, na asubuhi ndipo anatambua. Analalamika kwamba amedanganywa. Labani anamjibu kwamba kwao hawamtoi mdogo kabla ya mkubwa. Mdogo na mkubwa! Anaambiwa hayo kijana aliyejifanya mkubwa mbele ya baba asiyeona. Alikaa kwa Labani miaka 20, na kwa maneno yake mwenyewe ujira wake ulibadilishwa mara 10.

Nenda tena mbele, sura ya 37. Yakobo sasa ni mzee, na wanawe wanamletea kanzu ya Yusufu, ndugu yao waliyemwuza, wameichovya katika damu ya mbuzi. Mbuzi tena, nguo ya ndugu tena, na safari hii baba anayedanganywa ni yeye.

Na Rebeka? Alimwambia mwanawe laana iwe juu yangu, kisha akamtuma kwa Labani, kaka yake yeye Rebeka, akae siku chache tu. Hakuna mahali Mwanzo kinaposimulia kwamba alimwona tena. Kifo cha Debora, mlezi wa Rebeka, kimeandikwa katika sura ya 35. Cha Rebeka mwenyewe hakikuandikwa, ila kaburi lake linatajwa kwa kupita tu katika sura ya 49. Nina watoto walioenda mbali, na hapo huwa nasimama kwanza nikaweke chai jikoni.

Kwa hiyo aliambiwa, mwanangu, ila si kwa maneno. Lakini usije ukaipoteza Betheli kwa sababu ya hayo. Ile ngazi ya kufika mbinguni alionyeshwa ndotoni akiwa bado mkimbizi mwenye hatia, hajalipa chochote, amelalia jiwe. Mungu alimpa ahadi, na hakumwepusha na mavuno ya alichopanda. Mbele ya Farao mzee huyo aliyebarikiwa anasema miaka yake 130 imekuwa michache, tena ya taabu.

Ukifika sura ya 32, hesabu zawadi anazotanguliza kwa Esau: mbuzi majike 200 na mabeberu 20, kondoo majike 200 na madume 20, ng'ombe 40 na mafahali 10, mbali na ngamia na punda. Kwa mbuzi na kondoo ni dume mmoja kwa majike kumi, kwa ng'ombe fahali mmoja kwa wanne. Mfugaji yeyote ataona kwamba huyu hakuokoteza wanyama wa kuondoa aibu, alitenga kundi la kuzaliana. Aliyechukua kwa hila sasa anambembeleza kaka yake apokee.

Na ile nusu mita, mrudishie mteja.

*Bwana Yesu asifiwe, Mama. Baba yetu alifariki, kaka zangu wawili wakagawana shamba lote, wakasema binti aliyeolewa hana fungu. Mimi ni mjane, nimerudi nyumbani na watoto. Nilipolalamika, kiongozi wetu kanisani alinisomea Mwanzo 26, Isaka alivyoachia visima bila kugombana, akasema nami niachie, Mungu atanipa Rehobothi yangu. Naomba hivyo, lakini kila nikipita shambani nalia. Je, nimekosa imani? Mjane, Manyoni.*

Asifiwe, mdogo wangu, na pole sana. Hujakosa imani. Umesomewa nusu sura.

Wewe wa Manyoni na mimi wa Iramba sote tunajua kisima ni nini. Kiangazi kikikaza tunachimba katika mchanga wa korongo. Mchimbaji anashuka mpaka kichwa hakionekani, mchanga unaporomoka ubavuni, anautoa, unaporomoka tena. Mwishowe unakuja unyevu, halafu maji ya tope, unayaacha yatulie ndipo uchote kwa kibuyu. Jioni unazungushia matawi ya miiba ili ng'ombe wa watu wasitumbukie usiku. Kazi ya kutwa nzima, na unachopata ni ndoo chache. Ndiyo maana nikisoma kwamba Wafilisti walivifukia kwa udongo visima vya Abrahamu, wala si kwamba waliviteka wanyweshe mifugo yao, nashindwa kuupita mstari huo upesi. Ni wivu usiomfaidi hata mwenye nao.

Isaka akavichimba upya, akaviita majina yale yale aliyoyaita baba yake. Kisha watumishi wake wakachimba katika bonde la Gerari, wachungaji wa pale wakasema maji ni yao, kisima kikaitwa Eseki. Wakachimba kingine, ugomvi tena, kikaitwa Sitna. Cha tatu hakikugombewa, ndicho Rehobothi, yaani nafasi. Hadi hapo kiongozi wako yuko sahihi. Lakini alianzia katikati na akaishia katikati.

Rudi mistari michache. Isaka alikuwa amepanda akavuna mara mia. Alikuwa na makundi ya kondoo na ng'ombe na watumishi wengi, na mfalme Abimeleki alimfukuza kwa sababu alikuwa na nguvu kuliko wao. Mwenye nguvu akiachia kisima na kwenda kuchimba kingine kwa mikono ya watumishi wake, huo ni uungwana. Mjane akinyang'anywa shamba huku watoto wakihitaji kula, tusiuite uungwana wake. Kumtolea Isaka mtu wa namna hiyo ni kumwonea mara ya pili, na nasema hivyo nikiwa mzee wa kanisa.

Kisha uende mbele, mstari wa 26. Abimeleki anakuja kwa Isaka akiwa na rafiki yake Ahuzathi na Fikoli, mkuu wa jeshi lake. Isaka hawakaribishi kwa tabasamu la kinafiki. Anawauliza wamemjia kwa nini, ilhali walimchukia wakamfukuza kwao. Anasema hayo mbele ya jemadari! Baada ya hapo ndipo kuna karamu, na asubuhi yake kiapo. Amani yao ilianza pale mtu alipotamka alichotendewa.

Baba yake alikwenda njia nyingine kabisa. Katika sura ya 21 watumishi wa Abimeleki walinyang'anya kisima, naye Abrahamu akamlaumu mfalme uso kwa uso, akatenga kondoo majike 7 wawe ushahidi kwamba kisima hicho alikichimba yeye. Baba alidai, mwana alihama, na Mwanzo hakimsifu mmoja kwa kumsuta mwingine. Ukitaka wanawake waliodai, fungua Hesabu 27: binti watano wa Selofehadi walisimama mlangoni pa hema mbele ya Musa na wakuu wote wakitaka fungu la baba yao, na Mungu akasema wanachonena ni haki. Wao hawakuwa na kaka, wewe unao. Lakini sisi tuna Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, inayosema mila yoyote inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi ni batili.

Basi uliza kwanza kama kuna msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo, au kaka zako waligawana tu wenyewe kwa kamba na vigingi. Kama hakuna, hapo ndipo pa kuanzia, na mtafute msaidizi wa kisheria wa wilaya yenu akusindikize. Baraza la ardhi la kata tangu 2021 linasuluhisha tu, halitoi hukumu, kwa hiyo usimalize nauli ukisubiri hukumu pale. Kama kaka zako watakubali kuketi nawe mbele ya wazee, nenda. Kuketi huko nako ni kwa Isaka.

Asubuhi usome sura ya 26 hadi mstari wa 33, usiishie 22. Ukifika mstari wa 27, maneno ya Isaka yaseme kwa sauti yako, ukiweka majina ya kaka zako. Hiyo nayo ni sala. Na ukilia shambani, lia. Ni shamba la baba yako.

*Mama, nilianza mpango wa kusoma Biblia nzima mwaka huu na nimekwama Mwanzo 5. Fulani akamzaa fulani, akafa. Niruke? Mwanachuo, Mbeya.*

Usiruke, chukua kalamu na karatasi. Nilifundisha hesabu darasa la sita kwa hiyo utanisamehe.

Neno "akafa" linapigwa mara 8 katika sura hiyo, Adamu hadi Lameki, na mara moja tu linakosekana: Henoko alikwenda pamoja na Mungu, akatwaliwa akiwa na miaka 365. Ukisoma kwa sauti utasikia pengo hilo hata kama ulikuwa unasinzia. Kisha kuna Lameki, mkulima aliyechoka, anampakata mtoto mchanga na kumwita Nuhu, akitumaini huyu atawafariji kwa kazi ya mikono yao katika ardhi iliyolaaniwa. Katikati ya majina matupu, baba mmoja anafungua mdomo.

Sasa hesabu. Methusela alimzaa Lameki akiwa na miaka 187. Lameki alimzaa Nuhu akiwa na miaka 182. Gharika ilikuja Nuhu akiwa na miaka 600. Jumlisha: 969, na huo ndio umri wa Methusela alipokufa. Msimulizi amekupa tarakimu zote, akakuachia ujumlishe mwenyewe kwamba mzee alikufa mwaka ule ule wa gharika. Je, maji yalimkuta, au alizikwa kabla mvua haijaanza? Marabi wa kale walisema zile siku 7 ambazo Mungu alingoja katika sura ya 7 zilikuwa za kumwombolezea Methusela. Andiko lenyewe halisemi, lakini mimi nimeipenda: Nuhu amekwishapaka safina lami, wanyama wanangoja, na Mungu mwenyewe anasubiri matanga ya babu yaishe.

Kuhusu mpango wako, kama umechelewa usikimbize tarehe. Aliyechapa ile ratiba hakujua una mitihani.

*Kaini alimpata wapi mke?*

Barua hii hainikosi mwaka wowote, na haina jina, na huandikwa kwa herufi kubwa. Mwanzo 5:4 inasema Adamu alizaa wana, waume kwa wake. Ndicho tulichoandikiwa, nami siongezi. Ila nakuomba ulale siku moja na 4:14-15, pale muuaji anapolalamika kwamba kila amwonaye atamwua, na Mungu, badala ya kumwambia ndivyo unavyostahili, anamtia alama ili asiuawe. Mke wa Kaini nimeshamzoea. Hiyo alama bado.

Walioandika kuhusu Sodoma wavumilie hadi toleo lijalo, tutarudi kwenye sura ya 19. Na tafadhali, kurasa mbili zinatosha.